Mtungi Hufunikwa

Kabla ya adhana, kabla punda wa Kombo hajalia,
nafungua kitambaa cha hariri nilichokikata kwenye gauni la zamani,
na mabutu manne yadondoka, moja moja,
kama wageni waliolala vibaya.

Maji ya bomba hapa Langoni yana chumvi.
Ukizipa nywele hizi siku mbili, zageuka makumbi.
Basi nina dumu la maji ya mvua chini ya ngazi,
niliyoyakinga mwezi wa tano,
na mtu akiyanawia miguu, tutakosana.

Nanyunyiza. Chupa ilikuwa ya dawa ya vioo;
nimeiosha mara saba, picha ya dirisha haijabanduka.
Nangoja. Nywele kavu hazisikii la mtu.
Kisha mafuta ya nazi ya Bi Zaharia,
aliyoyachemsha na majani ya mrehani,
tone la kadiri ya punje ya mahindi kwa kila fungu,
si zaidi: nywele si samaki.

Chanuo naanzia nchani.
Hilo nimejifunza nina miaka arubaini na moja.
Kichwa changu ni mji huu, vichochoro vitupu.
Ukiingia kwa nguvu na mzigo wako mpana
utakwaruza kuta za watu.
Simama. Rudi nyuma. Pisha. Ingia tena.
Kisogoni pana fundo
ambalo kila asubuhi nalifungua kwa vidole
na kila usiku lajifunga lenyewe,
kwa kazi gani, sijui.

Nyuma ya sikio la kushoto pana kovu.
Chuma cha moto, usiku wa kuamkia harusi yangu,
makaa ya vifuu, harufu ya kuku anayebabuliwa,
na somo wangu akininong'oneza:
Tulia, bibi harusi hapigi kelele.
Baada ya chuma ikaja dawa ya kopo,
nyeupe kama samli iliyoganda, ikiwasha hadi kwenye meno.
Mume wangu wa kwanza aliniacha
bila kuzijua nywele zangu.
Alizijua za kopo.

Wasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mimi zangu nilikuwa nimezikodi.

Wifi yangu Mwanajabu husimama mlangoni na kikombe cha chai.
"Saa nzima! Na ukitoka ni buibui. Kwa nani?"
Yeye ana singa; akijikuna tu, zimelala.
Zamani nilikuwa nikitafuta jibu refu.
Siku hizi namwonyesha mtungi ulio uani.
Nao hufunikwa, wifi.
Maji yake si ya baridi?

Nasokota. Zungusha kidoleni, achia.
Nyingine zatii, nyingine zina safari zao.
Unywele mmoja wa utosini, mweupe,
hujikunja kinyume na wenzake.
Nimeuacha na lake.

Saa kumi na mbili nampelekea mama uji.
Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho.
Nikiinama kumpangusa kidevu
anishika kichwa kwa viganja viwili,
apapasa, avuta msokoto mmoja, auachia,
nao wajirudia mahali pake.
"Somoe," asema.

Somoe ni mamake. Alikufa mimi sijazaliwa,
na picha hakuacha.

Siku ya kwanza nilimwambia, Siye, ni mimi, Barke.
Akaondoa mikono.

Leo sisemi kitu.
Namwacha avute, aachie, avute.
Uji wapoa. Mafuta yamemwingia mikunjo ya vidole,
avinusa, anyamaza, avinusa tena.
"Umekawia," aniambia, kwa sauti ndogo
ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake.
"Haya, nisuke na mimi."

Nakwenda kutwaa chanuo na maji ya dumu.
Zake zimebaki chache, laini kama manyoya ya kifaranga.
Naanzia nchani.